Wimbo wa Aliyeshindwa

Jamhuri ya Upole haina wezi, haina njaa, na haina nyimbo. Mambo mawili ya mwanzo yameandikwa kwenye gazeti la serikali, kwa hiyo hatuna haja ya kuyajadili. La tatu ni kweli, na ndilo lililomkuta Mwalami Kisigino, mpiganaji wa ngumi na mateke, ambaye kosa lake lilikuwa kubaki na wimbo mmoja nyumbani kwao wakati taifa zima limeishiwa.

Usije ukadhani watu wa Upole hawapendi muziki. Wanaupenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mchezo wa nchi ile ni ngumi na mateke, na mpiganaji haingii ulingoni kimyakimya kama mtu anayekwenda msalani. Anaingia na wimbo wake. Zamani watu walijazana uwanjani kusikia nani ataingia na nini, kuliko kuona nani atavunjwa taya. Mbaruku Chuma aliingia na wimbo wa harusi, amejitanda leso, anatembea kwa madaha, na wanawake wakimpigia vigelegele. Tindo wa Gereji aliingia na king'ora cha gari la wagonjwa, na mara nyingi alitoka nacho. Farjala aliingia na wimbo wa kuhesabia wa watoto wa chekechea. Mpinzani akisikia "moja, mbili, tatu" tu miguu inamlegea, maana kila mtu alijua Farjala akishamwangusha mtu, mwamuzi hufika kumi bila haraka.

Na palikuwa na desturi. Ukishindwa, wimbo wako unakwenda kwa aliyekushinda, na huupigi tena mpaka umchape kwenye pambano la marudio. Ulikuwa utani wao tu. Walikaa vibarazani wanakunywa kahawa na kuchekana: "Wewe mwenzetu siku hizi hata mluzi huna." Kisha serikali ikaupenda utani huo. Serikali ikishaupenda utani wako, ndugu yangu, anza kufungasha.

Rais wa Upole aliamka asubuhi moja akajikuta ni Bingwa wa Kudumu wa Ngumi na Mateke. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa daktari wake wa magoti, naye alihamishiwa mpakani kutibu ngamia. Sheria ikatoka mchana wa siku hiyohiyo: wimbo wa aliyeshindwa ni mali ya mshindi, hautaimbwa, hautapigwa, wala hautavumishwa puani na mtu yeyote, mpaka mwisho wa dunia.

Tangu hapo, kila sikukuu ya Uhuru, Mheshimiwa alipanda ulingoni kutetea ubingwa wake. Mguu wake uliinuliwa na walinzi wawili. Wa tatu alimshika mgongoni asiende chali. Mpinzani aliombwa kwa heshima ausogelee ule mguu, halafu aanguke. Aliyeanguka kabla ya kuguswa alishitakiwa kwa dhihaka, na aliyechelewa kuanguka alishitakiwa kwa ukaidi, ndiyo maana serikali ikafungua Chuo cha Taifa cha Kuanguka, chuo pekee nchini chenye magodoro.

Mbaruku akaanguka, na wimbo wa harusi ukaenda. Siku hizi bibi harusi wa Upole anaingia ukumbini kwa kikohozi cha mjumbe wa mtaa. Farjala akaanguka, na watoto wa chekechea sasa wanahesabu kwa kutumbua macho. Mwingine aliingia na wimbo wa mazishi, masikini, alidhani anatania. Leo makaburini husimama afisa mwenye kofia kusikiliza waliofiwa. Kulia kunaruhusiwa, ila kusiwe na mahadhi.

*

Mwalami aliishi mtaa wa Kinyerezini na mama yake, Bi Mize. Aliitwa Kisigino kwa sababu hakupiga kwa wayo kama wenzake. Aligeuka, akakupa mgongo, ukadhani anaondoka, halafu kisigino kikakufuata. Vijana walimpenda kwa hilo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mpole, wa salamu nyingi, na mawazo yake yote yalikuwa nyumbani.

Bi Mize alikuwa amesahau. Kwanza alisahau jirani, kisha akasahau chumvi, kisha akamsahau mumewe aliyekufa, na hilo la mwisho lilikuwa nafuu. Akaishia kumsahau Mwalami. Alimwita "kijana", mara "fundi", na akimwona amevaa buti alimwita "afande" na kumpisha njia. Alichobakiwa nacho ni wimbo mmoja, ule aliomwimbia Mwalami mdogo alipokuwa akimsugua kwa dodoki kwenye beseni:

Sugua shingo, shingo ya kubebea kichwa,
sugua sikio, sikio la kumsikia mama,
sugua kisigino, kimetoka wapi hiki,
kimepita topeni bila kuniaga.

Kumwogesha mama si kazi ya mtoto wa kiume, na Mwalami alilijua hilo kuliko wewe. Lakini dada hakuwa naye, na wanawake wa jirani waliojitolea waliondoka na alama za meno mikononi. Bi Mize akiona maji yanakuja na mtu asiyemjua, alipiga yowe la kuuawa. Hapo Mwalami alichuchumaa uani, akageuza uso pembeni, akaanza kwa sauti ya chini, "Sugua shingo." Yowe likakatika. Mama aliyefungwa khanga akatulia, akatoa shingo, akatoa sikio, na ilipofika zamu yake akainua kisigino mwenyewe, akaimba naye huku akicheka. Kwa muda wote wa wimbo alimjua. Hakumtaja jina, lakini alimpapasa kichwani kwa mkono wenye povu, na Mwalami alitoka pale kila siku na sabuni nyweleni, hataki kuifuta.

Wimbo huo ulikuwa haujapigwa ulingoni, kwa hiyo ulikuwa halali. Lakini katika Upole kitu halali ni kitu ambacho bado hakijaonekana, na Mwalami alihakikisha bomba linamwaga maji kwa kelele kila wanapouimba.

*

Waziri wa Maingilio, Mheshimiwa Mwinchande, alifika Kinyerezini asubuhi ya Jumanne. Kila mkubwa wa Upole anaingia mahali kwa sauti ya cheo chake. Mkuu wa wilaya huingia kwa kengele ya baiskeli, katibu mkuu kwa filimbi, na waziri kwa tarumbeta moja. Mlango wa Mwalami ulikuwa mwembamba, mpiga tarumbeta akakwama na chombo chake, na Waziri akasubiri nje juani mpaka alipopulizwa ndani kisheria.

"Bwana Mwalami," alisema akiwa bado anajipangusa jasho, "taifa limekuteua."

"Kufanya nini, Mheshimiwa?"

"Kuanguka. Sikukuu hii ni zamu yako. Hongera."

Mwalami alishukuru, kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa pia na bunduki.

"Sasa, wimbo," Waziri aliendelea. "Wewe mtu maarufu, tunategemea utatuletea kitu kizito. Nitakuwa mkweli kwako. Hali ni mbaya. Mwaka juzi tuliletewa mwito wa muuza kahawa. Mwaka jana tukaletewa mluzi wa birika. Birika, bwana. Mheshimiwa aliniita akaniuliza, hivi Mwinchande, wananchi wamenichoka? Nikakosa pa kuweka uso."

"Mimi sina wimbo, Mheshimiwa. Nani anao siku hizi?"

Bi Mize alikuwa uani. Alikuwa amesikia tarumbeta, labda akadhani ni bomba limefunguliwa, maana aliketi karibu na beseni kavu, akanyoosha mguu na kuanza kuimba. Sauti ikaingia sebuleni moja kwa moja.

Waziri aliinua kidole. "Hicho ninachosikia ni nini?"

"Maji, Mheshimiwa."

"Maji yana maneno?"

"Bomba letu ni la zamani."

Waziri alikwenda dirishani, akachungulia, akasikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka. Alikuwa binadamu, tusimsingizie, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu asikie mtu anaimba bila kuamriwa. Alijifuta, akageuka, akasema, "Utaingia na huo."

"Mheshimiwa, nakuomba. Nikiupoteza huo mama hataoga. Hataniruhusu kumgusa. Hanijui mimi bila wimbo."

"Wananchi wangapi hawaogi kwa kukosa maji, na bado wanaipenda serikali?"

"Ni mgonjwa, baba."

"Na mimi nina watoto," Waziri alisema. "Birika lilinifanya nisilale. Utautangaza mwenyewe siku ya kupima uzito, mbele ya watu, kama sheria inavyotaka. Ukishatangaza hakuna kubadili." Akampigapiga begani, akampisha mpiga tarumbeta atangulie, ndipo naye akatoka.

*

Chuoni walimfundisha Mwalami kuanguka. Alijifunza kuanguka kwa masikitiko, kuanguka kwa mshangao, na kuanguka kwa shukrani, ambako ndiko kugumu zaidi, maana unatakiwa utabasamu kabla kichwa hakijagonga chini. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Kila alipolala kwenye godoro akitazama dari alifikiria jambo moja: aingie na nini, ili akiporwa asiporwe kitu.

Kuingia kimya ni uhaini. Kuingia na wimbo uliokwisha kuporwa ni wizi. Kuingia na wimbo wa kutunga jana ni udanganyifu, kwa sababu sheria inataka wimbo ambao mtu ataumia kuukosa. Siku moja, mkufunzi alipokuwa amemkanyaga kifuani kumwonyesha jinsi ya kutokupumua, gari la Mheshimiwa lilipita barabarani na Bendi ya Taifa juu ya lori ikipiga "Amekuja Aliyekuwepo", wimbo wake wa kuingilia. Mkufunzi akasimama wima, mguu bado uko kifuani kwa Mwalami. Wimbo ule ulikuwa mrefu sana, kwani kila wizara ilikuwa na ubeti wake. Mwalami alikuwa na muda wa kutosha kufikiri, na kabla ubeti wa Wizara ya Mifugo haujakwisha alikuwa ameshapata.

Siku ya kupima uzito ukumbi ulijaa. Waziri Mwinchande alihutubia kwanza. "Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yanachimba dhahabu. Sisi tunachimba mahadhi. Na leo, chini ya uongozi imara wa Bingwa wa Kudumu, tumefika kwenye mwamba wenyewe." Akamwonyesha Mwalami kwa mkono wazi, jicho likimkumbusha.

Mwalami alishika kipaza sauti.

"Mimi," alisema, "kwa mapenzi niliyonayo kwa nchi yangu, nitaingia na 'Amekuja Aliyekuwepo'."

Hakuna sheria iliyokataza jambo lile. Aliyetunga sheria hakulifikiria, kama vile hufikirii kumkataza mgeni asikae mapajani mwako. Waziri alifungua mdomo aseme hapana. Mwandishi wa gazeti la serikali, mama mmoja makini, akanyanyua kalamu na kuuliza, "Mheshimiwa Waziri, wimbo huo una ubaya wowote?"

Waziri alimtazama, akaitazama kalamu, akamtazama Mwalami kwa chuki safi. "Hauna ubaya wowote," alisema. "Ni wimbo bora kuliko zote." Makofi yakapigwa.

Jioni ile Mwalami alimwogesha mama yake bila kufungulia bomba kelele. Aliimba kwa sauti ya kawaida, na mama akashika mistari ya kisigino peke yake.

*

Sikukuu ikafika. Uwanja wote ulisimama, kwa sababu mtu akikaa wimbo ule unapopigwa hukalishwa mahali pengine kwa muda mrefu. Mwalami alianza kutembea kuelekea ulingoni huku bendi ikimpigia habari za Rais kuwafundisha ng'ombe kutoa maziwa kwa zamu. Kule chumbani Mheshimiwa alisikia wimbo wake, akanyanyuka kwa mazoea, akatoka. Wakakutana njiani. Wakaingia pamoja, bega kwa bega, Rais akipunga mkono na Mwalami akiwa hajui apunge au asipunge, akaishia kujikuna.

Halafu wimbo ukapigwa tena kuanzia mwanzo, maana huo wa kwanza ulikuwa wa Mwalami na Mheshimiwa alikuwa hajaingia kisheria. Wazee kadhaa walianguka majukwaani kabla ya mpiganaji yeyote, na waandishi waliwataja kama wapenzi wa mchezo waliozidiwa na furaha.

Pambano lenyewe lilikwenda vizuri. Walinzi waliinua mguu. Mwalami aliusogelea, akaweka shavu lake kwenye unyayo wa Mheshimiwa, akaanguka kwa shukrani. Kichwa kiligonga chini kwa nguvu kuliko alivyokusudia na damu ikamtoka mdomoni, lakini alikuwa anatabasamu, na safari hii tabasamu lilikuwa lake mwenyewe. Wakufunzi wake walitazamana kwa fahari.

Mshereheshaji akapanda, akachukua kipaza sauti, akaanza maneno anayoyasema kila mwaka bila kuyafikiria. "Kwa mujibu wa sheria, wimbo wa aliyeshindwa, uitwao 'Amekuja Aliyekuwepo', hautaimbwa, hautapigwa..." Hapo sauti yake ikaanza kupungua. Alimtazama Waziri. Waziri alitazama viatu. Kukatisha sheria ya Mheshimiwa katikati nako ni kosa, kwa hiyo yule bwana akaimalizia kwa mnong'ono, mpaka mwisho wa dunia, akatelemshwa na maafisa wawili, na nasikia siku hizi pale chuoni wanamtumia kufundishia mateke.

Mheshimiwa alikuwa hajaelewa. Alisimama katikati ya ulingo akisubiri wimbo wake wa kumtoa ulingoni. Wanabendi walikuwa wameweka vyombo chini.

"Pigeni," alisema.

"Hatuwezi, Mheshimiwa," mkuu wa bendi alijibu. "Ni wimbo wa aliyeshindwa."

"Nani ameshindwa?"

"Huyu aliyelala hapa."

"Na wangu uko wapi?"

Uwanja mzima ulikuwa unatazama nyasi.

"Basi nabadili sheria," alisema Mheshimiwa.

Waziri Mwinchande alipiga magoti. "Sheria hubadilishwa ofisini, Mheshimiwa."

"Nipelekeni ofisini."

"Kuingia ofisini kunahitaji wimbo, Mheshimiwa."

Ikawa hivyo. Mtu ambaye kwa miaka mingi hakuingia hata chooni bila matarumbeta alijikuta hawezi kupita kwenye kamba za ulingo. Walimletea kiti, wakamletea chai. Mshauri mmoja alipendekeza achukue wimbo wowote kati ya nyimbo alizoshinda, wa harusi, wa kuhesabia, hata wa birika. Lakini zote zile zilikuwa za watu waliopigwa, na Bingwa haingii mahali kwa wimbo wa mtu aliyepigwa. Ndipo Upole ilipogundua kwamba miaka yote ile ilikuwa inakusanya nyimbo ambazo hakuna awezaye kuziimba, hata mwenye nazo. Waliogundua waliombwa wanyamaze.

Na Mwalami? Mwalami alikuwa amelala palepale, kwani aliyeshindwa haamki mpaka mshindi aondoke. Damu ilikuwa imemkauka kidevuni na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa ushindi wowote. Alifikiria beseni. Alifikiria mkono wenye povu kichwani. Alibana mbavu asicheke.

Kisha akaona viatu vya Waziri mbele ya pua yake. Waziri alichuchumaa.

"Bwana Mwalami," alisema polepole, "ule wa maji. Unaanzaje vile?"

Mwalami alifumba macho.

"Mimi nimeusahau, na mpiga tarumbeta wangu hana sikio. Lakini nilijua utakuwa mchovu. Nimetuma gari Kinyerezini."

*

Walimpandisha Bi Mize ulingoni kwa kumbeba. Alikuwa na khanga yake ya nyumbani na kiatu kimoja. Waliweka beseni kwenye kona ya bluu, ile ya wanaoshindwa, wakamwomba aimbe. Aliwauliza kama hapo ni stesheni. Wakamwomba tena. Akasema ana haraka, mtoto yuko peke yake nyumbani.

"Huimba akimwagiwa maji," Waziri alieleza, akiwa na uso wa mtu anayesaidia.

Walimmwagia ndoo ya kwanza kichwani. Maji yalikuwa na barafu, yale ya kuwapoza wapiganaji. Bi Mize akapiga yowe, lile la kuuawa, mbele ya uwanja mzima, akijaribu kujifunika kwa mikono. Wakamwagia ya pili. Ndipo alipoita.

"Mwalami," aliita. "Mwalami, mwanangu, njoo."

Jina hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake kwa muda mrefu sana. Alikuwa analiita huku akiangaza majukwaani, akimtafuta mtoto kati ya maelfu ya watu, na macho yake yalimpita mara mbili yule mtu aliyelala chini na damu kidevuni. Ndoo ya tatu ilikuwa imeshainuliwa.

Mwalami aliimba. Alianza bado amelala, mdomo kwenye turubai, "Sugua shingo," halafu akajikokota kwa magoti mpaka kwenye beseni. Yowe likakatika. Mama akatoa shingo, akatoa sikio. Mkuu wa bendi alikuwa nyuma yao anavumisha puani, anashika sauti moja baada ya nyingine. Mwalami alimsikia, na alijua anachofanya, na hakuacha, maana akiacha ndoo ipo. Ilipofika zamu yake, Bi Mize akainua kisigino, akacheka, akaimba mistari yake hadi mwisho. Watu majukwaani walilia, kila mmoja kwa uangalifu, bila mahadhi.

"Ni mzuri," alisema Mheshimiwa kutoka kitini. "Mfupi, lakini utarefushwa."

Bendi ikaupiga kwa matarumbeta. Bingwa wa Kudumu akainuka, akapita kwenye kamba, akaenda zake ofisini. Kwa kuwa alishafika huko, alitunga sheria nyingine.

*

Sasa hivi wimbo huo unaitwa "Amekuja Aliyetakata". Shingo ni ile iliyobeba taifa. Sikio ni lile linalosikia kila kinachosemwa majumbani, na ubeti huo umechangiwa na Idara ya Usalama. Kisigino kimewakanyaga maadui. Na kila wizara imeshaongeza ubeti wake. Mwalami amepewa nishani ya Mchangiaji na kuamriwa asipigane tena, ili ionekane ameridhika. Waziri Mwinchande amepandishwa cheo na siku hizi anaingia kwa matarumbeta mawili.

Sheria ni nyepesi. Wimbo unapigwa na Bendi ya Taifa peke yake. Raia akiusikia anasimama wima, mikono mapajani, mdomo umefungwa, mpaka wimbo uishe. Mheshimiwa akipita mlango wowote unarushwa moja kwa moja kwenye vipaza sauti vya mitaa yote, na nyumba ya Mheshimiwa ina milango mingi.

Mwalami bado anamwogesha mama yake. Anafanya kimya. Mwanzoni alijaribu kuuvumisha puani, jirani akagonga ukuta, si kwa ubaya, kwa kumhurumia. Bi Mize anapiga yowe, anamng'ata, anamwita afande. Kuna siku anachoka mwenyewe na kukubali maji, macho ameyakaza kwenye uso wa mwanawe kama anayetafuta jambo la kumshitaki nalo.

Jana Mwalami alikuwa ameshampaka sabuni, povu limejaa kichwani, ndoo ya kumsuuzia iko tayari, kipaza sauti cha mtaa kikakoroma na matarumbeta yakaanza. Mwalami aliruka akasimama. Akamnyanyua mama yake kwa kwapa, akamsimamisha ndani ya beseni, akamnyoosha mikono, maana mwezi uliopita walimchukua mzee wa nyumba ya tatu kwa kuusikiliza akiwa kitandani. Sabuni ikamtelemkia Bi Mize machoni. Khanga imelowa, upepo unapiga, anatetemeka mwili mzima.

"Kelele gani hizo?" aliuliza. "Mbaya hivyo."

Mwalami alitazama mbele.

"Kijana," alisema Bi Mize, kwa adabu sasa, kama mtu anayeomba msaada kwa mpita njia, "mwanangu anarudi saa ngapi? Yeye ndiye anayejua kuniogesha."

Mwalami alisimama wima, dodoki limebanwa pajani, mdomo umefungwa kwa mujibu wa sheria. Bendi ndiyo kwanza ilikuwa kwenye ubeti wa Wizara ya Mifugo.